Somo: Kusahihisha Kiingereza cha kuandika, makosa ni yale yale

Kila wiki vijana wanaotembeza wageni hapa Lamu huniletea maandishi yao, na kila wiki narudia majibu yale yale. Leo nayaandika mara moja.

1. Soma yote kabla ya kushika kalamu.

2. Kagua "he" na "she". Sisi tuna "yeye" tu, ndiyo maana mkono huteleza.

3. Futa kiima kilichorudiwa. Si "My brother he is a captain", ni "My brother is a captain".

4. Nyakati. Hapa nilipotosha watu mwenyewe. Nilikuwa nikifundisha kwamba "-me-" daima ni "have". Kijana mmoja akaandika kwenye karatasi ya wageni, "Lamu Old Town has become a World Heritage Site in 2001", nami nikapitisha, ikachapishwa hivyo. Kiingereza hakitaki "have" pamoja na wakati uliokwisha kupita na ukatajwa: jana, mwaka jana, 2001. Ni "became". Ukiitaka "have", leta "tangu": "has been a World Heritage Site since 2001". Jihadharini pia, "-me-" mara nyingi hueleza hali. "Punda amelala njiani" ni "is sleeping". Ukiandika "has slept", msomaji atadhani punda ameshaamka.

5. "A" na "the" ziwe mwisho, sentensi ikishanyooka.

MASWALI

– Mwalimu nipe sheria zote za "in", "on" na "at", mtihani kesho.

Haziingii usiku mmoja. Lete sentensi tatu ulizoandika mwenyewe.

– "He" na "she" nitazijuaje?

Hatua ya 2.

– Mwalimu, shikamoo. Mgeni aliniuliza, "Isn't the boat ready?" Haikuwa tayari, nikajibu "Yes". Akaenda kuleta mizigo. Nilikosea wapi?

Marahaba mwanangu, swali zuri sana. "Ndiyo" yetu humkubalia muulizaji alivyosema: ndiyo, haiko tayari. Mwingereza huangalia jambo lenyewe. Haiko? "No, it isn't." Iko? "Yes, it is." Ukiwa na shaka jibu sentensi nzima: "It is not ready yet."

– Mimi nahodha, naongeza la saa. Niliwaandikia wageni "at twelve" nikikusudia saa kumi na mbili alfajiri. Wakaja adhuhuri, maji yameshakupwa, mashua imekaa mchangani. Siku hizi naandika "6 a.m."

Ahsante nahodha. Hiyo naiweka iwe hatua ya 6.