Namna ya kukitunza chandarua chenye dawa kidumu miaka mitatu

Chandarua chenye dawa ya muda mrefu, kama kile anachopewa mama mjamzito kliniki nchini Tanzania au wanachogawiwa wanafunzi wa shule za msingi, kinatakiwa kutimiza kipimo cha Shirika la Afya Duniani: dawa ihimili kufuliwa mara 20, na chandarua chenyewe kitumike miaka 3. Majumbani vingi havifiki huko, na mara nyingi kitambaa huchanika dawa ikiwa bado ina nguvu. Kwa hiyo anayetaka chandarua chake kidumu ajihadhari kwanza na kuchanika.

Ukikitoa kwenye mfuko, kitandaze kivulini kwa saa 24, maana dawa ikiwa bado mbichi huweza kuwasha ngozi au macho. Kabla ya kukitundika, kikague kitanda: pitisha kiganja taratibu kwenye mbao za pembeni na kwenye chaga, na kila msumari uliochomoza au kibanzi kinachokwaruza ukigongomee au ukipige msasa. Usiharakishe kazi hii, kwa kuwa upindo wa chini huchomekwa chini ya godoro kila usiku na kuchomolewa kila asubuhi, na aghalabu huko ndiko matundu huanzia. Anayelala chini achomeke upindo chini ya mkeka.

Asubuhi kikusanye, ukisokote na kukifunga fundo juu, mahali ambapo watoto hawakifikii wala hakiburuzwi sakafuni. Usile kitandani, kwa sababu makombo huita panya, na panya hutoboa chandarua ili ayafikie. Kibatari na mshumaa vikae mbali kabisa. Cheche moja huyeyusha nyuzi zake, na moto ukishika, aliye ndani hana pa kutokea kwa urahisi.

Usikifue zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Tumia beseni, maji baridi na sabuni ya kawaida ya mche, bila dawa ya kung'arisha nguo na bila kusugua kwenye jiwe. Kianike kivulini, kwani jua kali huiharibu dawa. Maji uliyofulia yamwage chooni au kwenye shimo lililo mbali na kisima, kamwe si mtoni wala ziwani, kwa kuwa dawa hii huua samaki. Wanaokumbuka vyandarua vya zamani vilivyochovywa dawa upya kila baada ya miezi sita wasifanye hivyo kwa hivi vya sasa. Dawa yake imewekwa kiwandani.

Kila mwezi, mchana, kipanue na ukikague ukitumia mkono, kama wafanyavyo wataalamu. Tundu dogo kuliko gumba huhesabiwa pointi 1. Linalopitisha gumba lakini si ngumi, 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, 196. Na linalopitisha kichwa, 576. Jumla ikizidi 642, chandarua hicho huhesabiwa kuwa hakifai tena. Manne tu ya ngumi yanatosha kukifikisha huko, na ndiyo maana nasisitiza tundu lishonwe lingali la gumba. Anza kushona kidogo nje ya ukingo wa tundu, pale ambapo nyuzi bado ni imara, ukivuta uzi polepole hadi kingo zikutane. Ukishona ukingoni penyewe, nyuzi zitaachia na tundu litakua. Tundu kubwa litie kiraka.

Hata kikiwa na matundu, usikitupe kabla ya kupata kingine, kwa kuwa bado kinakukinga kuliko kulala wazi. Ukishapata kipya, cha zamani kisitumike kuvulia samaki wala kisichomwe uani. Kata vipande vyake vilivyo vizima, uvifue na kuvihifadhi viwe viraka.