Ada ya malipo itajwe kwenye tangazo, si katikati ya biashara

Unapouza sarafu za kidijitali moja kwa moja kwa mtu mwingine, andika katika masharti ya tangazo kwamba ada ya kutuma ni ya mnunuzi na kwamba kiasi kilichokubaliwa lazima kikufikie kikiwa kamili. Sharti hilo lina nguvu kwa sababu mnunuzi hulisoma kabla sarafu zako hazijafungwa na jukwaa (tovuti au programu mnayofanyia biashara, inayozishikilia hadi malipo yafike), na mzozo ukizuka, msuluhishi hutazama kilichoandikwa mwanzo, wala si mlichobishania baadaye kwenye ujumbe. Hesabu yenyewe huwaponyoka wengi, nami nilikuwa mmoja wao: iwapo njia ya malipo humkata mpokeaji asilimia 3, kuongeza 3 juu ya 100 hakutoshi, kwani makato huchukuliwa kwenye 103 nzima na kinachofika ni 99.91. Gawanya 100 kwa 0.97, utapata takriban 103.09.

Mbinu hii hugonga mwamba pale jukwaa linapokataza kudai chochote zaidi ya kiasi cha biashara. Hapo ingiza ada ndani ya bei yako tangu mwanzo, ingawa kwa bei ya juu tangazo litashuka kidogo kwenye orodha ya matangazo. Haifai pia ikiwa benki nyingine inayopitisha malipo kati ya benki zenu hukata fedha njiani, maana hakuna kati yenu ajuaye makato hayo mapema. Vyovyote iwavyo, usiachilie sarafu kwa kutazama picha ya risiti. Fungua akaunti yako, usome salio.