Ukikuta 1 Julai: kusoma vyeti vikuukuu vya kuzaliwa

Cheti cha nyanya yangu kinasema alizaliwa Mombasa, tarehe 1 Julai 1938. Mwenyewe, mpaka anafariki, alitwambia alizaliwa mfungo sita, mwezi wa Maulidi katika kalenda ya Kiislamu, usiku wa Maulidi wenyewe, matari yakilia mtaani na mamake akiumwa uchungu ndani. Mfungo sita wa mwaka ule haukuangukia Julai. Nilikaa na karatasi ile miezi kadhaa nikijiuliza nimuamini nani, kumbe nilikuwa naisoma kuanzia pasipofaa.

Cheti cha zamani kisome kuanzia chini. Iache kwanza tarehe ya kuzaliwa. Tafuta siku kuzaliwa kuliposajiliwa, kisha aliyetoa habari, kisha siku nakala uliyoishika ilipotolewa. Nyanya alisajiliwa 1956, miaka kumi na minane baada ya kuzaliwa. Mtoa habari alikuwa kaka yake mkubwa, na mahali pa saini pana alama ya dole gumba, wino umevuja pembeni. Basi karatasi ile ni maneno ya kaka mtu, aliyoyasema mbele ya karani siku moja ya 1956. Alijua mwaka, siku hakuijua. Makarani wengi walipopewa mwaka mtupu waliandika 1 Januari au 1 Julai. Ukikuta moja ya tarehe hizo kwenye cheti kilichochelewa, usiishike kama siku ya kuzaliwa. Shika mwaka, na huo pia uutafutie shahidi.

Kuchelewa kwenyewe si ajabu. Kenya, Wazungu walilazimika kusajili tangu 1904, lakini ulazima haukuenea nchi nzima mpaka 1971. Mtoto aliyezaliwa Kuze au Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, mikononi mwa mkunga hakuhitaji karatasi mpaka siku alipotaka kazi, au pasi ya kwenda Hija.

Shahidi wangu alikuwa ndani ya msahafu. Wazee wetu wengi waliandika vizazi kwenye kurasa tupu za mwanzo au za mwisho, kwa hati ya Kiarabu, kwa hivyo kabla hujaenda ofisi yoyote, waombe ami na khalati zako wakufungulie misahafu ya zamani. Wa babu yake nyanya ulikuwa juu ya kabati kwa khalati, umefungwa kitambaa cha kijani. Mstari wenyewe mfupi: jina lake, usiku wa Alhamisi, mwezi 12 (yaani tarehe 12) mfungo sita, 1357.

Hapo pana mambo mawili ya kuangalia. Mwaka 1357 wa Hijria ulianza Machi 1938, na mfungo sita ukaanza kama tarehe 1 Mei. Hesabu ya kalenda yaweza kupishana na mwezi ulioandama kwa siku moja au mbili, ndiyo maana jina la siku lina thamani kubwa: tarehe 12 Mei 1938 ilikuwa Alhamisi kweli. La pili ndilo huwapotosha vijana. Usiku wa Alhamisi kwetu ni ule unaotangulia mchana wa Alhamisi, kwa kuwa siku huanza jua likitua. Kwa kalenda ya ofisini, aliyezaliwa usiku huo baada ya isha alizaliwa Jumatano, tarehe 11. Nyanya alikuwa anasema kweli tangu mwanzo, na nilipoona tarehe zimekubaliana niliufunga msahafu nikalia.

Majina yanataka subira. Sisi hatukuwa na jina la ukoo la kujaza kwenye fomu. Mtu alikuwa Fulani bin Fulani. Karani asiyelijua hilo aliweza kuifanya «binti» sehemu ya jina, au kulitenga Mwana na Aisha kwenye Mwanaisha. Saleh na Swaleh, Omar na Umari, vitafute vyote kabla hujakata tamaa.

Safu ya kabila isikugombanishe na jamaa. Cha nyanya kimeandikwa Mwarabu, cha mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, Mswahili. Serikali ya kikoloni ilipanga kodi na haki kwa kabila la mtu, na watu wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe wenyeji wa daraja la chini. Neno lile lakuonyesha mtu alisimama wapi mbele ya serikali siku ile. Nasaba yake itafute kwingine. Vivyo hivyo, mtu wa Goa aliyeandikwa Mreno si lazima awe na asili ya Ureno. Goa ilikuwa chini ya Wareno mpaka 1961.

Stempu na kichwa cha karatasi visaidie kujua umri wa karatasi tu. Ada ya rupia ni ya kabla ya shilingi, iliyokuja 1921. «Koloni na Himaya ya Kenya» ni baada ya 1920, na Mombasa ilikuwa upande wa Himaya, ardhi ya Sultani wa Zanzibar.

Kwenye daftari langu la ukoo nyanya ana mistari miwili: «1 Julai 1938, kwa kauli ya kakake, 1956», na chini yake, «11 Mei 1938 baada ya isha, kwa mkono wa babu yake». Sikufuta wa kwanza. Ndio ulioandikwa kwenye pasi aliyoendea Makka.