Jinsi ya kuomba leseni ya programu dhibiti kwa ajili ya draiva huria

Draiva ya Linux, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa, inaweza kuwa huria mwanzo hadi mwisho na kifaa bado kikagoma, kwa sababu programu dhibiti (firmware) inayoendesha chipu yenyewe ni mali ya kiwanda. Kuisambaza bila ruhusa ya maandishi huwezi, hata kama inapakuliwa bure kwenye tovuti ya kiwanda hicho. Kwa hiyo unachoomba ni haki ya kusambaza, tena kwa kila mtu. Ukiuliza "naweza kuitumia?" utajibiwa "ndiyo", na jibu hilo halitamfaa mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kuandika barua, ijue faili. Amri `modinfo -F firmware` ikifuatiwa na jina la moduli (draiva kama inavyopakiwa kwenye kerneli, kiini cha Linux) huonyesha faili ambazo draiva imetangaza kuwa inazihitaji. Kwenye `dmesg`, yaani kumbukumbu za kerneli, utaona mstari kama huu:

`Direct firmware load for mfano/mfano100.bin failed with error -2`

Namba -2 maana yake faili haikupatikana. Haina uhusiano na kuharibika kwa kifaa. Fungua hazina ya linux-firmware, mkusanyiko wa pamoja wa programu dhibiti za Linux, utafute jina hilo katika faili ya WHENCE, yaani orodha ya faili zilizomo na leseni zake. Likiwemo, sasisha tu kifurushi cha mfumo wako na habari imeishia hapo. Lisipokuwemo, nakili jina kamili, toleo, ukubwa kwa baiti na matokeo ya `sha256sum`, alama inayotambulisha yaliyomo ndani ya faili. Bila alama hiyo, kiwanda kinaweza kukupa ruhusa ya faili nyingine kabisa.

Sasa mtafute mwenye haki. Jina lililochapwa kwenye kasha la kifaa mara nyingi ni la aliyekiunganisha tu. Haki huwa kwa mtengenezaji wa chipu, na wakati mwingine sehemu ya msimbo ni ya kampuni ya tatu iliyouza mfumo endeshi mdogo wa ndani. Waulize waziwazi: je, kuna msimbo wa watu wengine humo ndani? Kuna msimbo wa GPL (leseni huria)? Ukiwepo wa GPL, leseni ya faili ya jozi (binary) peke yake haitoshi, kwani msimbo chanzo wake nao lazima utolewe.

Barua iwe fupi, ielekezwe kwa wanasheria au kitengo cha leseni. Dawati la huduma kwa wateja halina mamlaka hayo. Taja faili na sha256 yake, draiva inayoihitaji, kisha uombe haya: ruhusa ya kunakili na kusambaza faili bila kuibadilisha, kwa mtu yeyote, bila malipo na bila kikomo cha muda, na ruhusa ya hataza (patent) kwa mtumiaji wa mwisho, ili kifaa kifanye kazi zake zote bila kumtia hatiani. Ambatisha rasimu ya leseni. Mwanasheria husahihisha rasimu upesi kuliko anavyoandika mpya, na hapo ndipo miezi inapookolewa.

Jibu likija, lisome kwa jicho kali. Kataa sharti la kubofya "nakubali" kabla ya kupakua, kwa sababu mfumo unapowaka hakuna wa kubofya. Kataa "kwa majaribio tu", "kwa walionunua kifaa chetu tu", na haki ya kufuta leseni wakati wowote. Katazo la kuchambua msimbo wa jozi linaudhi, lakini limo katika leseni kadhaa zilizokwisha kupokelewa katika linux-firmware, kwa hiyo usipoteze nguvu zako hapo. Katazo la kubadilisha faili nalo halizuii kupokelewa, ila litaifanya ihesabiwe kuwa si huru: Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, huweka faili za namna hiyo katika sehemu ya non-free-firmware.

Leseni ikishakubaliwa, weka faili katika folda ya kiwanda ndani ya nakala yako ya hazina, weka maandishi ya leseni pembeni yake, kisha ongeza katika WHENCE:

```
Driver: mfano -- draiva ya Wi-Fi ya Mfano

File: mfano/mfano100.bin
Version: 1.2.0

Licence: Redistributable. See LICENCE.mfano for details.
```

Angalia: ni "Licence", kwa c mbili. Endesha `make check`; faili ambayo haikutajwa katika WHENCE itakamatwa hapo.

Badiliko hilo, linalotumwa kwa wasimamizi wa linux-firmware, lazima liwe na mstari wa Signed-off-by (sahihi ya kuthibitisha) wa mtu mwenye mamlaka juu ya leseni, yaani mtu wa ndani ya kampuni inayomiliki faili. Sahihi yako mwombaji haitoshi. Mhandisi wao akituma mwenyewe, mwonye kuhusu tangazo la "siri" ambalo barua pepe za makampuni hujibandika chini zenyewe: kwa tangazo hilo tu, ombi halitapokelewa kamwe. Wasimamizi wana kazi nyingi, basi usitarajie jibu la siku hiyo hiyo.

Kiwanda kikitoa toleo jipya lisilopatana na draiva ya zamani, lipewe jina jipya, mfano `mfano100-2.bin`, na la zamani libaki palepale. Wanaotumia kerneli za zamani bado wanalihitaji. Hakikisha pia maandishi ya leseni yanagusa matoleo yajayo, la sivyo kila sasisho litakurudisha kwa wanasheria.