Namna ya kumshinda ng'ombe wa Whitney katika HeartGold

HeartGold na SoulSilver, michezo ya video ya Pokémon (viumbe unaowakamata na kuwapambanisha) iliyotoka Japani mwaka 2009, ni matoleo mapya ya Gold na Silver za 1999. Kila ninapoanza upya, hofu yangu ni ileile: Miltank, Pokémon mfano wa ng'ombe, wa Whitney, kiongozi wa jimu (ukumbi wa mapambano) katika mji wa Goldenrod.

Usiingie kwenye jimu yake haraka. Kamata Pokémon aitwaye Drowzee katika nyasi za Njia ya 34, kisha umbadilishe na Machop ndani ya duka kubwa la mjini. Pokémon wa aina ya mpiganaji, kama Machop, ndiye dawa ya Miltank, na Machop wa kubadilishwa hukua upesi. Mfundishe mpaka awe na shambulio la Karate Chop.

Shida yenyewe ni Rollout, shambulio la Miltank la kujiviringisha: kila zamu inayopiga, nguvu huongezeka maradufu, hadi mara tano mfululizo. Kwa hiyo shambulia tangu mwanzo, usipoteze zamu kujipanga. Miltank akibaki na uhai kidogo atakunywa maziwa na kurudisha nusu ya uhai wake. Attract, mbinu yake ya kumtia mpinzani mapenzi, haiwashiki Pokémon wa kike, basi tanguliza majike. Geodude jike, Pokémon wa mwamba, pia anastahimili vizuri sana.

Ukishinda, Whitney atalia na kukunyima beji, yaani alama ya ushindi wa jimu. Usiondoke mjini, rudi uzungumze naye tena.