ATM ya maziwa: soketi juu, batani chini

Kama unafungua ATM ya maziwa, ile mashine mteja analipa na inamjazia chupa, hapo mtaani, kabla hujaanza kuhesabu lita za kesho cheki stima. Hii mashine ni friji na pampu ndani ya bodi ya chuma, sakafu imelowa juu ya kuoshaosha, halafu mteja anakuja na malapa anashika hiyo chuma. Waya moja ikichubuka huko ndani ni yeye atarushwa.

Anza na ethi, ile waya ya kijani na njano. Fundi apime kabisa aone inafika kwa soketi na inashuka mpaka kwa nondo ya ardhini, kuna plot soketi iko na matundu matatu na nyuma ni waya mbili tu. Mlango wa mashine pia uwe na ethi yake.

Halafu weka RCD, kile kifaa cha kukata stima ikivuja, ya miliampia 30. Utasikia mtu akisema eti plagi iko na fyuzi, sasa hiyo fyuzi ya ampia 13 inalinda waya, si wewe, stima kidogo kuliko hiyo mara mia inaweza kuua mtu na fyuzi haijashtuka. RCD inalinganisha stima inayoenda na inayorudi, ikiona ingine imepotea njiani inakata hapo hapo. Bonyeza kile kibatani cha test kila mwezi, isipokata badilisha. Marekani mashine mpya za kuuza vitu hutakiwa kuja na kinga ya aina hii kwa waya yake tangu 2005.

Sasa kosa ninaloona sana: mtu anaogopa maji anajengea mashine jukwaa la simiti, batani zinapanda, mwenye kiti cha magurudumu anabaki kuomba watoto wamkingie maziwa. Inua soketi, mashine iache chini, sakafu ipe mteremko maji yatoke. Kipimo cha Wamarekani cha pale mkono wa mwenye kiti cha magurudumu unafika ni sentimita 38 mpaka 122 kutoka chini, na mbele uache nafasi wazi ya sentimita 76 kwa 122. Pima batani, pa kuingizia sarafu na hata pale chupa inakaa, hapo ndio watu husahau. Batani ziwe na alama za kuguswa, kioo laini kipofu atajuaje amebonyeza ya ngapi? Namba ya till nayo ibandike chini kidogo.

Na ukitaka kuosha, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi pekee haitoshi.