Kioo cha mlango usio na fremu kikipitisha upepo na maji

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya 2004, na milango yake yote minne haina fremu. Kioo kikipanda kinasimama chenyewe na kuegemea raba iliyo kwenye bodi. Kiangazi chote nilivumilia mluzi wa upepo kila nilipokuwa natoka Uyole, hapa Mbeya, kuelekea Igurusi. Mvua zilipoanza Novemba nikaenda Tukuyu, na wanaoijua mvua ya Rungwe wanaelewa: nilifika kiti cha dereva kimelowa upande mzima wa kulia.

Fundi wa kwanza alipaka gundi ya silikoni juu ya raba. Ilikaa wiki mbili ikabanduka, ikaniachia mabonge niliyoyakwangua kwa ukucha jioni nzima. Tafadhali usikubali gari lako lifanyiwe hivyo. Raba yangu ilikuwa nzima. Kioo ndicho kilichohama mahali pake.

Tafuta pengo kwanza. Weka noti ya elfu moja juu ya raba, funga mlango, kisha ivute taratibu. Inatakiwa itoke kwa kukaza. Ikichomoka bila kushikwa, piga alama ya chaki hapo, halafu endelea hivyo kuzunguka kioo chote. Agosti vumbi hukusaidia zaidi ya noti: ukitoka kwenye barabara za udongo, fungua mlango utazame raba. Upepo unapopenya, vumbi huchora mstari.

Kabla ya kugusa kioo, fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma uinyanyue. Mlango ukichezacheza, bawaba zimelika, na kioo hakitakaa sawa hata ukihangaika siku tatu. Anza na bawaba. Angalia pia ile pete ya chuma kwenye nguzo inayong'atwa na loki. Ikilegea, mlango haufungi mpaka mwisho.

Raba ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, kisha ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya injini au grisi ya kawaida huiharibu. Kama imelala, ipashe polepole kwa draya ya nywele huku ukiiminya kwa vidole. Iliyochanika ndiyo ya kubadilisha.

Sasa kioo. Toa skrubu za ubao wa ndani wa mlango, ng'oa klipu moja moja, chomoa soketi ya swichi. Juni na Julai asubuhi klipu za plastiki hukakamaa kwa baridi na kuvunjika, kwa hiyo mimi husubiri jua lipande. Nyuma ya ubao kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Ibandue bila kuichana, kwani maji yanayoteremka ndani ya mlango huzuiwa nayo yasifike kwenye kapeti.

Utaona nati na bolti zinazoshika reli ambayo kioo hupandia na mashine ya kioo, na vizuizi vya juu vinavyoamua kioo kikome wapi. Kabla ya kulegeza chochote, zungushia kila nati mstari wa kalamu ya maka. Usipofanya hivyo hutajua pa kurudi. Mimi nilijifunza hili usiku, tochi ikiwa mdomoni.

Kioo kikiishia chini ya raba, legeza vizuizi, kipandishe milimita moja, kaza. Kikiwa kimeinamia nje kwa juu, kama changu, sukuma sehemu ya chini ya reli kuelekea nje. Kioo hupinduka kama mizani pale kinapotokea mlangoni, kwa hiyo chini ikienda nje, juu huja ndani. Sogeza milimita moja tu, kaza, funga mlango, rudia noti. Changu kilinichukua mizunguko sita. Usikibane kupita kiasi: ukilazimika kuubamiza mlango ndipo ufunge, kioo kinaumia, rudi nyuma kidogo.

Noti ikishika kila mahali, mwombe mtu akae ndani na tochi, wewe mwaga maji kwa keni ya bustani, ukianzia chini ya kioo ukipanda juu taratibu. Maji ya presha ya sehemu za kuoshea magari hupenya hata mlango mzima, yatakudanganya.

Kisha gandisha nailoni pande zote, rudisha ubao. Waambie pia unaowapakia wafunge mlango kwa kushika bati. Changu kilihama kwa sababu kila aliyeshuka alikishika kioo kwa juu akavuta. Baada ya wiki moja ya kuendesha, pitisha noti tena, maana nati zilizotoka kukazwa hulegea kwenye makorongo.